Lami Ilipofika Mbele ya Shule Yetu

Juzi tuliitwa mkutano wa wazazi katika shule anayosoma binti yangu, hapa mjini Embu. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: kama tuombe tuwekewe matuta na mistari ya kuvukia mbele ya lango, maana pikipiki na magari hupita pale kama yanafukuzwa. Mzazi mmoja, mtu wa heshima zake, akasimama akasema matuta huharibu magari na kuchelewesha watu kazini; afadhali watoto wafundishwe kuwa waangalifu. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Nikainua mkono nimjibu. Nilipopewa nafasi nikasimama, lakini sauti, rafiki yangu, ikakataa kutoka. Nilisema tu, "Mimi naunga mkono matuta," nikaketi. Nadhani walifikiri nina haya. Haikuwa haya, ilikuwa hofu, na wewe nitakusimulia ilikotoka, kwa sababu pale sikuweza.

Nililelewa na cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, upande wa Runyenjes, kwenye miteremko ile ya Mlima Kenya ambako kahawa hupandwa kando ya migomba na mito ni mingi kuliko barabara. Mama alifanya kazi mjini, akija mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa cucu, mimi na mdogo wangu wa kike. Asubuhi tuliamshwa na moshi wa kuni na sauti ya maziwa yakigonga ndoo. Tulikunywa uji wa wimbi, tukafunga kwenye karatasi nduma, yaani magimbi, zilizobaki usiku, tukakimbilia shule. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, juu kidogo ya kwetu, na kengele yake ilikuwa rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Ikigongwa tuliisikia tukiwa jikoni.

Barabara hiyo, nilipokuwa mdogo kabisa, ilikuwa ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha malori yalikwama, na madereva wakatuita tuwasaidie kutafuta mawe ya kutia chini ya magurudumu. Walitujua kwa sura. Gari lilikuwa mgeni, na lilipita kwa adabu ya mgeni.

Kisha lami ikaja. Sitakudanganya, tuliipenda. Tulikaa kando kutwa nzima tukitazama matingatinga na wanaume wenye mapipa yanayofuka moshi. Tuliokota vipande vya lami vilivyopoa, tukavitafuna kama ubani, meno yakawa meusi. Siku ya kuifungua tuliimba tukiwa tumepangwa mistari, sare zimefuliwa, na mkubwa mmoja wa serikali akatuambia kwamba maendeleo yamefika mlangoni kwetu. Mwezi wa saba, baridi ya kwetu ikikaza na manyunyu yasiyokatika, jua likichungulia kidogo tulilala kifudifudi juu ya lami ili matumbo yapate joto. Akina mama walianika mahindi na njahi, yale maharagwe yetu meusi, ukingoni. Ilikuwa kama tumepewa ua mpya, mkubwa, usio na matope.

Maendeleo yalianza kwa kukanyaga kuku. Halafu mbwa wa kanisani. Halafu mbuzi wa watu wa chini. Magari yalikuwa hayakwami tena, na dereva asiyekwama hana haja ya kumjua mtoto wa mtu. Tuliyoyaogopa zaidi yalikuwa ni pikapu za miraa kutoka Meru. Miraa ikishachumwa haina muda. Lazima ifike Nairobi kabla ndege haijaondoka. Kwa hiyo pikapu zile zilipita mchana zimewasha taa, magunia yamepandana hadi angani, honi ikilia tangu mbali bila kupumzika. Na mbele ya shule yetu kulikuwa na kona. Gari lilitokea nyuma ya migomba likiwa tayari limekufikia.

Cucu hakuizoea kamwe. Yeye ndiye aliyeishi katika kijiji kilichozungushiwa handaki wakati wa Emajensi, Waingereza walipopigana na Mau Mau, akipita mbele ya askari wenye bunduki akienda kuchota maji. Siku moja tulisimama naye ukingoni, lori likapita, upepo wake ukampeperusha leso. Alinishika bega kwa nguvu mpaka nikaumia. "Zamani zile," akasema, "nilijua risasi itatoka upande gani. Hii sijui."

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama mmoja mrefu, mcheshi, sauti yake ilivuka mabonde. Kitindamimba wake alikuwa mwenzangu wa dawati, darasa la tatu. Kijana huyo hakuweza kutembea bila kupiga kitu. Ijumaa ilikuwa siku ya kupiga deki madarasa, kila mmoja alibeba jerikeni la maji, na tukirudi nyumbani yeye alilifanya jerikeni tupu kuwa ngoma. Ijumaa hiyo kulikuwa na ukungu. Alikuwa ametutangulia kidogo. Sikumwona akiingia barabarani, nilimsikia tu: ngoma yake, kisha honi, kisha ngoma ikakatika.

Jerikeni lilibingirika kutoka kwenye ukungu likaja mpaka miguuni kwetu. Pikapu haikusimama. Ilidondosha kifurushi kimoja cha miraa, kimefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, na kifurushi kile kikabaki katikati ya lami kama kitu mtu alichokisahau. Sikusogea. Nilisimama nimemziba mdogo wangu macho kwa viganja vyangu, na mimi mwenyewe sikuwa na wa kuniziba.

Walimzika chini ya migomba ya kwao. Mama yake, yule wa sauti ya kuvuka mabonde, alinyamaza. Ukimsalimia alikuitikia, basi. Aliendelea kukamua, kukata majani ya ng'ombe, kwenda kanisani. Lakini sauti ilikuwa imezikwa.

Shuleni mwalimu wetu, mama mkali aliyetembea na fimbo hata akienda kunywa chai, alitupanga uwanjani kila asubuhi. "Tazama kulia! Tazama kushoto! Tazama kulia tena! Vuka!" Tuliitikia kwa nguvu. Lakini ukifika barabarani penyewe, ukatazama kulia uliona migomba, na ukatazama kushoto uliona migomba. Nadhani mwalimu alijua hivyo. Nilimwona siku moja akisimama langoni jioni, midomo yake ikichezacheza, akitutazama mpaka wa mwisho wetu amevuka.

Mimi nikawa siwezi kuvuka. Nilianza kulowesha kitanda, msichana mkubwa kama mimi. Nikifika ukingoni miguu iligeuka ikawa ya mtu mwingine. Niliiambia twende ikakataa. Asubuhi cucu alituvusha, mkono mmoja kwangu, mmoja kwa mdogo wangu, akiomba kwa sauti. Lakini saa za kutoka shule alikuwa kwenye foleni ya kupimisha kahawa kiwandani, au shambani, au mtoni. Mchana tulikuwa peke yetu.

Ndipo tukaanza kupita kwenye kalvati. Walioijenga barabara walikuwa wamelaza bomba kubwa la saruji chini yake, ili maji ya mvua yatoke upande wa shule yashukie bondeni kwetu. Wavulana wakubwa ndio waliogundua kwamba mtoto akiinama anapita. Kufika mwezi wa tisa, karibu nusu ya watoto wa upande wetu tulirudi nyumbani chini ya ardhi. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya matope yaliyooza. Vyura walirukia miguu. Gari likipita juu, saruji ilitetemeka na mchanga ukatumwagikia shingoni. Niliogopa nyoka, niliogopa giza, niliogopa popo. Lakini hofu ya juu ilikuwa kubwa kuliko ya chini, na mtu huchagua ile anayoiweza. Nilimtanguliza mdogo wangu, nikishika sweta yake kwa nyuma, tukiimba kwa sauti ndogo nyimbo za Jumapili.

Cucu aliyaona matope kwenye magoti yetu. Alikunja uso, akayaosha. Angetukataza, atuelekeze wapi?

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza tuliacha kupita siku za mvua. Siku ninayokusimulia haikuwa siku ya mvua. Kwetu jua liliwaka, nguo zimeanikwa kwenye michongoma. Ni upande wa mlima tu ndio uliokuwa mweusi, na mlima huwa mweusi mara nyingi. Tukainama, tukaingia.

Tulikuwa katikati niliposikia ngurumo. Nikadhani ni lori. Nilisimama nikingoja lipite juu yetu, kama kawaida, mchanga umwagike, tuendelee. Halikupita. Ngurumo iliongezeka, na haikuwa juu, ilikuwa nyuma. Kisha upepo wa baridi ukanipiga mgongoni, unanuka udongo mbichi, na kabla sijageuza kichwa maji yalikuwa yamefika vifundoni, kisha magotini. Mdogo wangu akaanguka. Sweta yake ilikuwa mkononi mwangu na sikuiachilia. Yalitubeba sote wawili, tukigongwa na vijiti na vitu nisivyovijua, mpaka kwenye mdomo wa bomba upande wa bondeni. Hapo tukakwama. Matawi na mabua ya mahindi yalikuwa yameziba. Niliuona mwanga wa jua katikati ya vijiti, niliona hata majani mabichi nje, na maji yakanipanda kifuani. Nilimwinua mdogo wangu juu kadiri nilivyoweza. Nilipiga kelele. Sikumwita Mungu wala mama. Nilipiga kelele tu, kama mnyama.

Mkono ukaingia kati ya vijiti. Halafu panga. Yule mama jirani alikuwa akikata majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa bonde.

"Nipe mtoto!" alifoka. "Nipe huyo mdogo kwanza! Nipe!"

Ilikuwa ile sauti yake. Sijui alivyoyakata yale matawi, maana mengine yalikuwa mazito kama mkono wa mtu mzima. Alimvuta mdogo wangu kwa nywele na sweta, akamtupa majanini, akarudi akanikamata ukosi. Tulitoka pamoja na maji, yeye, mimi na matawi, tukaporomoka mpaka chini kwenye migomba. Mdogo wangu alikuwa kimya. Mama yule alimpindua, akampiga mgongo, akampiga tena, huku akisema, "Hapana. Hapana wewe. Hapana." Mtoto akatapika maji, akavuta pumzi, akalia. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama kilio kile.

Basi akakaa kwenye matope ametupakata sote wawili. Juu, lori likapita, dereva wake asijue kitu. Mama akainua uso kuelekea barabarani akapaza sauti kwa Kiembu, mpaka watu wa bonde la pili wakatoka nje ya nyumba zao: "Unataka wangapi? Niambie, unataka wangapi?"

Jioni hiyo jikoni kwa cucu kulijaa akina mama. Sisi tulikuwa tumefunikwa blanketi kando ya moto, meno yakigongana, na sidhani ni baridi tu. Mmoja alisema waende kwa naibu wa chifu. Mwingine akasema walishaenda, mwezi wa saba, wakaambiwa wangoje. Mwingine akanong'ona kwamba barabara ni mali ya serikali, ukiigusa unafungwa.

"Wanifunge," yule jirani akasema. "Mimi nimeshazika. Watanifanya nini kingine?"

Cucu alikuwa akikoroga uji wetu. Hakugeuka. "Jumapili tukitoka kanisani," akasema, "kila mtu aje na jembe lake."

Walikuja. Walibadilisha nguo nyumba za karibu, wakafunga leso viunoni. Wengine walibeba karai, wengine viondo vya mawe kutoka mtoni vikining'inia kwa ukambaa wa kichwani, na sisi watoto tulibeba yale mawe tuliyoyaweza. Wanaume walisimama kwenye baraza la duka, mikono mifukoni. Baadaye mmoja aliondoka akarudi na toroli la murram, ule udongo wa changarawe, akaanza kumwaga bila kusema neno, na wengine wakamfuata. Walilaza mawe kukata barabara, wakayafunika murram, wakaishindilia kwa magogo. Tuta moja kabla ya kona, jingine baada yake.

La pili lilikuwa halijakwisha tuliposikia honi kutoka upande wa Meru.

Watu wakakimbilia ukingoni. Cucu hakukimbia. Alivua kitambaa chake cheupe cha kanisani, akasimama mbele ya tuta katikati ya lami, akakiinua kwa mikono miwili. Mwanamke mdogo, mkongwe, kichwa wazi. Nilimwita. Nilitaka kumkimbilia, na miguu yangu, ile ile ya siku zote, ikanigomea. Taa zikatokea nyuma ya migomba. Breki zikalia. Nilifumba macho, na kwa muda ule wote niliokuwa gizani nilijua kwa hakika kwamba sina tena cucu.

Nilipofumbua, pikapu ilikuwa imesimama mshazari, moshi wa magurudumu unanuka kila mahali, na cucu yuko palepale, kitambaa kingali juu. Kati yake na gari hapangeenea mtu.

Dereva aliruka nje. Alikuwa kijana tu. "Nyinyi wamama mnataka nini?" akafoka. "Mnataka niue mtu? Nani amewaambia mfunge barabara? Hii miraa inakauka! Ndege haiwezi ningoja!"

Mama jirani alisogea mbele na jembe lake. "Mtoto wangu alilala hapa ulipokanyaga," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kanisani. "Gari ya miraa. Haikusimama. Ndege ilingoja hiyo?"

Kijana akatazama lami chini ya viatu vyake, akasogeza mguu mmoja, halafu mwingine. "Si mimi, mama," akasema. "Haki ya Mungu, si mimi."

"Najua si wewe."

Kijana akauliza: "Alikuwa mkubwa aje?"

Mama alikwenda kwenye ubavu wa pikapu akaweka kiganja chake pale ambapo kichwa cha mwanawe kingefika. Kilikuwa chini ya dirisha. Kijana alikitazama kile kiganja, akakitazama kiti chake cha dereva pale juu. Kisha akapanda gari, akaliwasha, akapanda tuta taratibu, springi zikilia, magunia yakiyumba. Hakupiga honi tena.

Jumatatu naibu wa chifu alikuja na askari, akaamuru matuta yaondolewe. Akina mama wakayakalia. Tuliona yote tukiwa tumejibanza kwenye ua wa shule. Na mwalimu wetu mkali akatoka langoni, fimbo mkononi, sketi yake imepigwa pasi, akaenda akaketi kwenye murram kando ya cucu. Naibu wa chifu akasema atauliza wakubwa, akaondoka. Jibu halikuletwa. Mvua ziliyala matuta, na kila Jumamosi yalirudishiwa mawe. Muda ukapita, kisha lori la watu wa barabara likaja, tukajua sasa yanakwanguliwa. Wakashuka, wakamwaga lami juu ya mawe yetu, wakayafanya matuta kamili, wakasimika kibao chenye picha ya watoto wawili. Aliyeamua hatukuambiwa.

Ungetaka nikuambie kwamba hofu iliisha. Haikuisha. Mara ya kwanza kuvuka juu ya tuta nililia njia nzima, na gari lenyewe lilikuwa limesimama likinisubiri. Lakini nilivuka. Tangu siku hiyo mama jirani aliacha shamba lake kila saa za kutoka shule akaja kusimama pale, siku za jua na siku za ukungu. Aliwashika wadogo mikono, mikono yake mikavu inayonuka majani ya ng'ombe, na wakubwa aliwapigia kelele. Alitupitisha sisi, akapitisha wadogo zetu, akapitisha watoto wa wale aliowapitisha, mpaka macho yakamshinda.

Alipokufa tulirudi nyumbani wengi. Kanisa liko upande wa shule, kwao ni upande wa chini, kwa hiyo ilibidi jeneza livuke barabara. Hakuna aliyepanga jambo. Tulipofika kwenye tuta tukalikuta gari limesimama, na nyuma yake jingine, na upande wa pili vilevile, injini zimezimwa. Tulimvusha bila haraka. Mimi nilishika jeneza upande wa kulia, nikatazama kulia, kushoto, na kulia tena, kama zamani.

Leo hakuna anayeanika njahi pale. Watoto wengi huletwa kwa pikipiki, wamebanwa kati ya migongo ya watu wazima, hawayajui majina ya wenzao wa upande wa pili. Kalvati limewekewa vyuma. Cucu amezikwa kwenye mteremko ulio juu ya mto. Na saa za shule kutoka, mtu mwenye shamba lake, ng'ombe wake na msiba wake haachi kazi aje kusimama barabarani kwa ajili ya mtoto ambaye si wake.